Furu wa Maji Mawili

Kharumwa, 18 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma, na kwamba safari hii mvua imekumbuka kunyesha upande wa pamba yetu, si kwa jirani peke yake kama mwaka jana. Huku Nyang'hwale tumelowa mpaka tumechoka. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kizinza ambaye ananilisha utafikiri nimetoka jela. Msalimie sana baba mkubwa Bujiku. Mwambie kofia aliyoagiza nimeipata, ila ni ya kahawia.

Naandika kwa karatasi kama ulivyoniamuru. Nimekuelewa: siku hizi unasikia simu kwa spika tu, na spika ikiwashwa kaya nzima inasogea na vigoda. Barua nitampa konda wa basi la Kahama, na Zipora wa lile duka la stendi ataiunganisha na gari la Shinyanga.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana wanajumuiya wakikuuliza unasema "anapima samaki" nao wanacheka. Basi wacheke, kwa sababu ni kweli. Kuna samaki mdogo anaitwa furu, hazidi kidole changu cha kati. Yupo mtoni, yupo kwenye bwawa la matete ambako maji yamelala na hayana hewa, na yupo kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji yaliyojaa maji ya mvua. Ni furu yuleyule. Lakini ukiwapanga mezani utaapa kwamba hawajuani. Wa mtoni ana kichwa chembamba na mwili wa kukimbia. Wa matete ana kichwa kikubwa na koo limetuna. Mimi nawapima vichwa, mapezi na mashavu, yale mekundu wanayopumulia, nipate kujua tofauti hiyo inatoka wapi.

Ningependa kupata furu wa lambo letu. Muombe mtu anayevua hapo akuwekee wachache kwenye chupa yenye spiriti ya zahanati.

Halafu, shangazi, kama kuna mgeni atapita hapo nyumbani, asiondoke na njaa.

Mwanao aliyekulia kwenye uji wako,
Paskalia

*

Kishapu, 16 Februari 2025

Mwanangu Paskalia,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko wako umelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Nilifundisha darasa la tatu muda mrefu, na sikukufundisha kuandika hivyo. Mguu ni uleule. Pamba imeota, tunapalilia. Ng'ombe mmoja wa Bujiku amezaa, na Bujiku anatembea kama amezaa yeye. Kofia ya kahawia ameikubali baada ya kununa kidogo.

Furu wako nimewapeleka stendi. Konda alidhani ni dawa ya miguu, akaniuliza inapakwa au inanywewa.

Sasa nikueleze jambo. Wiki iliyopita alikuja kijana hapa, jina lake Adam, ana miaka ishirini na kitu. Amesalimia vizuri, amekaa alipoonyeshwa. Nilipomuuliza ni wa nani, alisema ni mtoto wa Donatus.

Nilimwambia Donatus ni wengi. Akasema Donatus Masele wa Kishapu, aliyefia duarani, ndani ya shimo la dhahabu, huko Geita, aliyeletwa kuzikwa kwao. Yaani mdogo wangu. Yaani baba yako. Anasema mama yake ni Ghati, mwanamke wa Kikurya aliyekuwa akipika chakula pale machimboni, na alifariki mwaka jana. Kabla ya kufariki alimtajia kijiji.

Nilimtazama, Paskalia. Unawajua watu wetu. Bujiku huinama kila mlango. Baba yako alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo, na wewe umeichukua hiyo shingo yote. Huyu ni mfupi, kifua kipana kama pipa, kichwa kikubwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Hakuna hata ukucha mmoja wa kwetu.

Nilimuuliza anataka nini. Shamba? Ng'ombe? Akasema anataka kuona kaburi la baba yake, basi. Nilimpa ugali na mlenda, nikamwambia arudi Pasaka wenye ukoo wakiwepo. Kaburi sikumwonyesha, wakati liko nyuma ya zizi tu, kutoka tulipokaa ni umbali wa kutupa jiwe.

Hakuondoka na njaa, kama ulivyoagiza. Nimekaa nikijiuliza kwa nini uliagiza.

Shangazi yako,
Nyamizi

*

Kharumwa, 9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kupalilia na mguu ule. Mama mwenye nyumba ananisumbua niolewe na mpwa wake mwenye pikipiki mbili. Nimemwambia nitaifikiria ile ya pili. Hongera kwa ndama.

Furu wa lambo wamefika salama na wamenishangaza. Vichwa vyao viko katikati: si vyembamba kama vya mtoni, si vikubwa kama vya matete. Mkubwa wangu wa kazi anasema huenda ni kwa sababu lambo lenu nusu ya mwaka lina maji mazuri na nusu ya pili ni tope.

Nimeanza jaribio jipya. Mama furu akishataga hubeba mayai mdomoni, na hata watoto wakishaanguliwa huwabeba humohumo mpaka waweze kujitegemea. Tumempata mmoja wa matete, mdomo umejaa. Watoto wake nimewagawa. Nusu nimewaweka kwenye mabeseni yenye kipampu cha kupuliza hewa. Nusu nyingine maji yao nimeyaacha yalale na majani yanayooza, kama kwao. Chakula chao ni kimoja, mama yao ni mmoja, na baba naamini ni mmoja. Wakikua nitawapima.

Kuhusu huyo kijana, kwa sasa sina la kusema.

Ufunge mguu na kitambaa cha moto kabla ya kulala.

Paskalia

*

Kishapu, 27 Aprili 2025

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Barua yako ya Machi nimeipata Jumamosi Kuu. Ililala Kahama chini ya gunia la mchele la Zipora, na inanukia mchele mpaka sasa. Hapa wote wazima. Mvua imekatika mapema, lakini pamba imeshafunga.

Adam amerudi Jumatatu ya Pasaka, kama nilivyomwambia. Alileta sukari na sabuni. Bujiku aliwaita binamu zake wawili, wakamketisha katikati ya uwanja. Wakamtazama kama watu wanaotaka kununua fahali mnadani. Mmoja akamwambia afungue mdomo aone meno. Mwingine akamtaka avue viatu, maana vidole vya miguu vya ukoo wetu, kama unavyojua, cha pili kinakipita kile kikubwa. Vyake havipitani.

Alivua viatu, Paskalia. Alifungua mdomo. Walipomaliza akasema kwa sauti ya chini: "Nimekuja kuona kaburi. Kama kupimwa ndiyo njia ya kufika, nipimeni mpaka mchoke."

Bujiku akamjibu: "Kaburi la mdogo wangu si la kila mpita njia."

Kijana akavaa viatu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na ungo mapajani, napepeta. Nilimfungia viazi vya njiani. Alivipokea kwa mikono miwili, akasema asante shangazi. Nikamjibu "haya," kama mtu anayejibu muuza maji. Neno hilo bado limenikaa kooni.

Jambo lingine. Mara zote mbili hakuja kwa barabara kuu. Alipita nyuma ya shule, akazunguka lambo, akatokea upande wa jikoni. Watu wa mbali hawaijui njia hiyo. Mama yake hakuwahi kufika hapa, kwa hiyo si yeye aliyemwambia.

Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukirudi shuleni kwa njia hiyo ili upite lamboni kwanza.

Nasubiri jibu. Na hao samaki wako nao nataka kujua walivyokua.

Nyamizi

*

Kishapu, 22 Juni 2025

Paskalia,

Tunavuna pamba. Wote wazima isipokuwa mguu. Barua yako sijaiona. Nimemuuliza Zipora kwa simu, mbele ya kaya nzima, amesema hakuna kitu chini ya gunia lolote.

Shangazi yako

*

Kharumwa, 3 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua haikupotea. Sikuiandika. Nilianza mara nyingi, nikawa najaza salamu na habari za hali ya hewa, nikifika kwenye jambo lenyewe nachana.

Nimefurahi kusikia kwa watu wa Kahama kwamba bei ya pamba si mbaya. Nimekutumia dawa ya kuchua kwa konda. Hiyo inapakwa.

Njia ya nyuma ya shule nilimwonyesha mimi. Nilimchorea kwenye mchanga.

Adam anafanya kazi kwenye karasha hapa Kharumwa, anasaga mawe ya dhahabu. Kabla ya hapo alishuka maduarani tangu akiwa mtoto wa kufaa kuwa darasani. Anayajua mashimo yote ya zamani yenye maji, ndiyo maana tulimchukua siku za mapumziko atuonyeshe pa kuvua. Siku moja mwenzangu aliniita jina langu kamili ili nisaini mahali, Paskalia Donatus Masele. Adam alikuwa amebeba ndoo. Akaiweka chini akaniuliza: "Huyo Donatus alikuwa wa Kishapu?"

Nilimwambia sijui anazungumzia nani. Nikaendelea kupima. Vipimo vyote vya siku hiyo ilibidi nivirudie.

Baadaye tulizungumza. Ana mambo ambayo mtu hayabuni. Anasema baba alikuwa akimbeba mabegani kwenda mwaloni wanakosafishia dhahabu, na baba akikohoa alikuwa anamshika miguu yote miwili ili asianguke. Anasema baba hakupenda dagaa, alikuwa akiwapa paka. Shangazi, mimi sikujua kama baba alipenda dagaa au hakupenda. Aliondoka nikiwa sijui hata kuvaa nguo mwenyewe. Mliniambia yuko kazini, nikawa naenda lamboni jioni kwa sababu kutoka pale barabara inaonekana. Miaka yote hiyo niliyokuwa natazama barabara, kumbe kuna mtoto alikuwa mabegani kwake.

Ndiyo maana nilimtuma kwenu peke yake. Nilitaka mmkatae. Sikuogopa kwamba ni mwongo. Niliogopa kwamba ni wa kweli. Halafu uliponiandikia kwamba walimvua viatu, sikulala vizuri, na kumwona machoni nilishindwa. Yeye hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba viazi vilikuwa vitamu.

Sasa samaki. Wamekua na nimewapima. Wa maji yenye hewa wametoka na vichwa vyembamba, wepesi, kama wa mtoni ambako mama yao hajawahi kufika. Ndugu zao wa maji yaliyolala wametoka na mashavu makubwa, na kichwa kimetanuka ili mashavu yapate pa kukaa. Watoto wa mama mmoja, tumbo moja, mdomo mmoja. Ukiwaweka pamoja, baba mkubwa Bujiku angewakataa nusu.

Lakini sitaki utumie samaki wangu kama ushahidi, shangazi, maana najua umeshaanza kufikiri hivyo. Binadamu si furu, na urefu wa mtu hauamuliwi na beseni. Ni kweli mtoto aliyekua kwa njaa na kubeba mawe hawezi kutoka kama mtoto aliyekua kwa maziwa ya Bujiku. Hiyo inaonyesha tu kwamba kutofanana kwake na sisi hakumfukuzi. Haionyeshi kwamba ni wetu. Kama angekuja na shingo kama yangu, hiyo nayo isingetosha. Kuna kipimo cha vinasaba. Adam amekubali kupimwa nami wakati wowote. Mkisema, tutakwenda.

Mimi nimechoka kupima.

Paskalia

*

Kishapu, 31 Agosti 2025

Mwanangu Paskalia,

Marahaba. Dawa imefika, inanuka lakini inasaidia. Pamba imeuzwa. Bujiku ameongeza bati kwenye jiko na anataka kila mgeni alisifie.

Barua yako niliisoma peke yangu, nikaikunja, nikaisoma tena kesho yake. Sitakwambia ulifanya vizuri kumtuma kijana peke yake kwenye watu kama sisi. Sitakulaumu pia. Mtoto aliyetazama barabara muda wote ule ana haki ya kukasirika, na sisi tuliokuwa tukimwambia "yuko kazini" hatukuwa na lingine la kumwambia.

Kipimo cha vinasaba sikikatai. Mkitaka, nendeni. Ila mimi sikungoja. Nilimwomba Zipora ampelekee Adam ujumbe kupitia konda, kwamba shangazi yake anamwita. Amekuja Jumamosi. Safari hii alipita barabara kuu.

Sikuita binamu. Nilichukua fimbo yangu nikampeleka nyuma ya zizi. Bujiku alituona, akatufuata kwa mbali, akasimama kwenye uzio kama anahesabu ng'ombe.

Kaburi limebonyea upande mmoja na nyasi zimelifunika, aibu yetu. Adam aliuliza kichwa kimelala upande gani. Nikamwonyesha. Akachuchumaa upande huo, akaanza kung'oa nyasi kwa mkono, polepole. Mimi nikakaa juu ya jiwe kwa sababu ya mguu. Ndipo akaanza kusimulia, hanitazami, anang'oa tu. Akasema siku ile maiti ilipochukuliwa palikuwa na gari la mizigo. Mama yake alipanda nyuma akae karibu na jeneza. Mwanaume mmoja mrefu akamwambia ashuke, hapa ni watu wa familia tu. Mama akashuka. Gari likaondoka, nao wakarudi kwa miguu. Akasema tangu siku hiyo mama yake hakupenda tena kumtaja mtu yeyote wa Kishapu, mpaka alipoona anakufa.

Unajua ni nani alikwenda kuichukua maiti ya baba yako.

Mimi sikugeuka. Nilisikia tu mti wa uzio ukilia, maana Bujiku alikuwa ameuegemea. Kisha akasema: "Alikuwa na kanga ya njano. Alikuwa amemshika mtoto mkono."

Adam akaacha kung'oa nyasi.

Bujiku akasema tena: "Sikumuuliza huyo mtoto ni wa nani. Nilikuwa na maiti ya mdogo wangu, nilitaka tu kufika nyumbani."

Hakuomba msamaha, na unamjua, sitarajii. Aliondoka akaenda kuleta jembe. Wawili hao wakajaza udongo pale palipobonyea mpaka jasho likawatoka. Chakula kilipoiva niliweka sahani mbili. Bujiku akairudisha moja ndani, akamsogezea Adam ile iliyobaki, wakala pamoja. Mpaka leo ukimuuliza kama kijana ni wa Donatus anasema hajui. Lakini ameniuliza viatu vyake ni namba ngapi.

Sasa na wewe. Mara ya mwisho kulifikia kaburi hilo ulikuwa hujaanza sekondari. Umepita hapa likizo ngapi, umekula uji wangu, umekwenda lamboni, hukufika nyuma ya zizi. Sikuwahi kukulazimisha, na hata sasa silazimishi. Nakwambia tu kwamba nyasi zimeng'olewa na udongo ni mpya.

Shangazi yako,
Nyamizi

*

Kharumwa, 14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo wewe na baba mkubwa. Mwambie bati nitalisifia.

Barua hii itafika siku moja kabla yetu, Zipora asipoilalia. Nimeomba ruhusa kazini. Adam ameomba kwa mwenye karasha, amekatwa siku zake lakini amekubali. Ya vinasaba tumeiweka pembeni. Huenda tukaenda mwakani, huenda tusiende.

Jana alikuja kunisaidia kuosha mabeseni. Aliniuliza kama nakumbuka sauti ya baba. Nilimwambia sikumbuki chochote, hata sura yake naijua kwa ile picha ya kitambulisho tu. Alikamua kitambaa. Kisha akasema yeye anakumbuka kidogo, na kwamba kutoka Kahama mpaka Kishapu kuna muda wa kutosha, atanieleza yote aliyonayo.

Nimemwambia mimi nitakaa dirishani, yeye azungumze.

Tunakuja Ijumaa.

Paskalia